Ufunguo wa Kabati la Dawa

Jumatano, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mtoto wa darasa la pili alianza kukohoa uwanjani, na pampu yake ya pumu, ile ya kuvuta kwa mdomo, ilikuwa ofisini ndani ya kabati lililofungwa. Mwalimu mkuu alikuwa mkutanoni. Mama mdogo wa mtoto, ambaye kijiwe kizima kinamwita Digrii kwa sababu anasoma chuo kikuu, alipigiwa simu, akakimbia na pampu ya akiba. Alifika saa nne na dakika arobaini na moja, akamkuta mtoto anapumulia mabega, midomo imepauka. Kufika saa kumi jioni mtoto alikuwa nyumbani anachora, na Digrii amesimama mbele ya benchi linalotazamana na geti la shule. Benchini walikuwepo Redio, kinyozi. Msumari, mshona viatu. Na Geti, mlinzi wa shule, ambaye kila asubuhi hukusanya dawa za watoto na kuzipeleka ofisini. Kila mmoja na kikombe chake cha kahawa.

— Baba, kesho pampu haiingii kabatini, Digrii alimwambia Geti.

— Mwanangu, sheria ni sheria. Dawa yoyote, ofisini.

— Hii si dawa ya mafua. Kifua kikibana, inatakiwa dakika hiyo hiyo.

— Haraka haraka haina baraka, Msumari alitia neno, uzi mdomoni.

— Hata kwenye pumzi, mjomba?

— Kwenye lolote.

Redio alikohoa kidogo, kama anayeanza taarifa ya habari.

— Kabati mnalionea bure. Ubaya uko kwenye pampu. Pafu likizoea kusaidiwa linakuwa vivu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Halizoei, kaka. Inafungua njia za hewa zilizobana, basi. Na ile nyingine, ya kuzuia, anavuta nyumbani asubuhi na jioni, hata akiwa mzima.

— Mzima anatumia dawa! Si ndiyo kuuita ugonjwa kwa jina lake?

— Ndiyo kuufungia mlango kabla haujabisha.

— Mimi nasema ni begi, Msumari alisema. Vitabu kumi na viwili! Kifua kinabonyea kama soli.

— Begi wapi! Redio alidakia. Ni kicheko. Yule binti anacheka mno. Hewa inayotoka inazidi inayoingia.

— Kwa hiyo apigwe marufuku kucheka?

— Na kukimbia. Akae darasani awatazame wenzake. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapo Digrii alimsogelea Redio.

— Atakimbia. Atacheka, na begi lake atabeba mwenyewe. Anachohitaji kinaenea kiganjani mwake.

— Unadhani napenda? Geti alijibu, sauti chini. Nikiachia ya kwako, kesho kila mtoto ana chupa yake, wanapuliziana machoni. Anayeulizwa ni mimi.

Dereva wa lori lililoleta madawati, ambaye hakuna aliyekuwa amemsalimu, aliinua kikombe.

— Samahani wakubwa, mimi mgeni. Mwalimu mkuu akitoka, ufunguo wa kabati anabaki nao nani?

Msumari alitafuta sindano iliyokuwa vidoleni mwake. Wote wakamgeukia Geti. Alishika funguo zake kiunoni, akazihesabu kwa kidole: wa geti, wa stoo, wa choo.

— Wa kabati… aah.



Alhamisi, saa moja na dakika tano, Digrii alifika getini kamshika mtoto mkono. Pampu ilining'inia kifuani pa mtoto ndani ya kifuko chekundu, juu ya sweta, kila mtu aione. Geti alinyoosha mkono.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Mwanangu, dawa…

Digrii hakumpa. Alimpita, akaingia darasa la pili, akajibana kwenye dawati la mbele kando ya mtoto, magoti yamekwama chini ya dawati, akamwambia mwalimu kwamba hatoki mpaka waandike kwenye karatasi, na mhuri juu, kwamba kifuko hicho hakivuliwi.