Bango Lililoomba Radhi: Tunamkumbuka Akeneta Drodrolagi

Wasikilizaji wapendwa, bula vinaka. Ni Jumapili, saa nne asubuhi. Mvua inanyesha hapa Suva, kama kawaida yake. Mimi ni Waisake, yuleyule mnayemlalamikia kwamba anaongea polepole. Leo nitaongea polepole zaidi, maana tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa hapendi watu wenye haraka.

Jina lake ni Akeneta Drodrolagi. Nalirudia: Akeneta Drodrolagi. Alipiga deki kwenye ukumbi wa abiria wa meli za Lomaisoso, bandarini, kwa miaka thelathini na moja. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Nabua, akiwa na miaka sabini na miwili.

Najua kuna mtu hapo jikoni anasema, kipindi kizima cha mpiga deki? Ndiyo, kizima. Weka muhogo wako motoni, kaa usikilize.

Kama umewahi kusubiri meli ya kwenda kisiwa cha Kadavu, ukumbi ule unaujua. Viti ni vichache na havikaliwi. Watu hutandika mikeka sakafuni, wazee wanakaa upande wa juu, mizigo inapangwa katikati, na masanduku ya samaki yanavuja barafu kila upande. Sakafu ile haikauki. Akeneta alianza kuihangaikia mwaka 1984. Binti yake, Salanieta, aliniambia hivi juzi: "Mama alikuwa akirudi nyumbani anaitukana ile sakafu kama mtu anavyomtukana shemeji yake. Asubuhi anairudia tena."

Mwaka 1995 kampuni ilileta mabango manne ya njano. Mnayajua. Mbao mbili za plastiki zimeunganishwa juu kwa bawaba, chini zimetanua miguu, na ubavuni kuna picha ya mtu anayeteleza. Meneja aliyagawa kwa hotuba. Alisema kuanzia leo hakuna atakayeanguka.

Akeneta aliambiwa aweke bango penye maji. Hapo ndipo penye shida, wasikilizaji wapendwa, na ni shida yetu sisi. Penye maji ni katikati, mbele ya wazee waliokaa. Nani kati yetu aliyelelewa vizuri ataenda kusimamisha dude la njano mbele ya uso wa wazee, kisha aondoke zake? Hata kupita tu, tunainama. Tunapitia ukutani, tunasema tilou, samahani napita. Basi Akeneta alifanya ambavyo mimi na wewe tungefanya. Aliliweka bango pembeni, ukutani, nyuma ya nguzo, ili lisimkosee mtu adabu.

Sasa mwezi wa nane, 1996. Siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Mzee Apakuki, mkulima wa yaqona, ile mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, kutoka Kadavu, alitoka msalani anarudi kwenye mkeka wake. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na shamba lake lilikuwa juu kabisa mlimani, akiupanda mlima huo kila siku kwa miguu. Alipofika mbele ya waliokaa, aliinama. Alishika njia ya ukutani. Uso wake aliwageuzia wenzake, kama inavyopasa, anasema tilou, tilou. Mguu wake ukaingia kati ya miguu ya bango. Bango likajifunga kwenye kifundo, naye akaanguka kwa ubavu. Nyonga ilivunjika.

Hebu tuelewane hapo. Sakafu ya ukutani ilikuwa kavu. Mzee hakuteleza. Aliangushwa na bango lililowekwa ili asianguke. Mwenye adabu aliliweka pale, na mwenye adabu alipita palepale.

Mzee Apakuki hakupanda mlima wake tena. Aliishi miaka saba mingine akiwa kitini. Shamba lake alisimuliwa tu.

Siku ya pili meneja alimwita Akeneta ofisini. Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema kwamba bango la tahadhari lilikuwepo, na kwamba abiria hakuwa makini. Akamwambia aweke sahihi. Akeneta aliweka sahihi.

Sitalipamba hilo. Aliweka sahihi. Yeye mwenyewe alimwambia kila mtu, hata mimi, nilipokutana naye mara ya kwanza sokoni miaka mingi baadaye. Nilimwuliza habari ya bei ya dalo, magimbi yetu, akanijibu habari ya sahihi yake. Ndivyo lilivyomkaa rohoni.

Wiki sita baadaye Mzee Apakuki alitoka hospitali, akawekwa kwa ndugu zake Raiwaqa. Akeneta alienda kuomba radhi kwa njia yetu. Kaka yake alibeba tabua, jino la nyangumi, akalitoa kwa maneno yanayostahili. Akeneta mwenyewe alikaa mlangoni, kichwa chini. Salanieta alikuwa na miaka kumi na tisa, alikaa nyuma ya mama yake. Anasema mzee alilipokea lile jino bila kuchelewa. Alilishika mikononi akasema, "Yameisha, binti yangu. Inua kichwa."

Watu wakashusha pumzi. Lakini kutoka pembeni, mke wa mzee, Bi Unaisi, akasema, "Yameisha kwa mume wangu. Mimi nina swali."

Kaka mtu akasema, "Karibu, mama, uliza."

"Leo nimepita bandarini kuulizia mzigo wetu. Lile dude bado liko palepale ukutani. Mmeleta jino la nyangumi hapa, na mtego mmeuacha kule kule? Anayefuata kuvunjika ni nani, mama mkwe wako?"

Akeneta akasema, "Nitaliondoa."

"Ukiliondoa watu watateleza," Bi Unaisi akasema. "Sikukwambia uliondoe. Nimekwambia lisimwangushe mtu."

Wasikilizaji wapendwa, hilo ndilo deni la Akeneta, na si la pesa. Alisamehewa siku ile, lakini kazi ilibaki. Bango lisimwangushe mtu.

Asubuhi yake alienda kwa meneja kuondoa sahihi. Mazungumzo yao Salanieta anayajua kwa moyo, maana mama yake aliyarudia kila Krismasi.

"Mama, mambo yale yalishafungwa. Bango lilikuwepo au halikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Basi?"

"Ndilo lililomwangusha."

Meneja alimhamishia vyoo vya meli. Miezi kumi na minne alisugua vyoo vya meli, na wanaozijua bahari zetu wanaelewa choo cha meli ni kitu gani mawimbi yakiamka. Hakuacha kazi. Jumamosi alikuwa akienda Walu Bay, kwenye karakana ya Hemraj, fundi wa kuchomelea mabodi ya mabasi. Walikuwa wamesoma darasa moja, na wakitukanana tangu darasa lile.

Hemraj bado yupo. Ana miaka sabini na tatu, hasikii vizuri, lakini mdomo mzima. Nilipomtembelea alisema, "Alikuja na ndoo tupu ya rangi ya njano, akaipindua sakafuni. Akaniambia, 'Hemu, hii haina miguu. Mtu atajikwaa wapi?' Nikamwambia, 'Wewe hata bila miguu utamkwaza mtu, una ulimi.' Lakini nikaitazama ile ndoo. Alisema kweli."

Ndoo iliyopinduliwa. Hakuna mguu unaochomoza. Imekaa sakafuni mduara mzima, hivyo hata fimbo ya kipofu inaigonga, haipiti chini yake. Juu wakasimamisha bomba fupi lenye kibao, kifike kifuani, kionekane juu ya mizigo.

La kwanza lilikuwa jepesi. Upepo ulilibeba, likaviringika hadi kwa wauza maembe. La pili Hemraj alilijaza saruji, na Akeneta alipojaribu kuliinua alipiga kelele. Hemraj akamwuliza, "Mama, umetaka bango au nanga?" La tatu wakatia mchanga kiasi, vifuu viwili tu, na chini wakabandika mpira wa tairi ili lisiteleze lenyewe. Bango la kuteleza linaloteleza! Msicheke, lile la kampuni likianguka lilikuwa likiteleza kuliko maji.

Mama akapata bango. Lakini bado lilikuwa na kosa lilelile. Lingekaa wapi? Likikaa katikati ni utovu wa adabu. Likikaa ukutani tumerudi kwa Mzee Apakuki.

Salanieta anasema mama yake alikaa na swali hilo wiki tatu, hata akaunguza chakula. Kisha siku moja, wakiwa mezani, alinyanyuka akaenda kutafuta rangi nyeusi. Kwenye kibao, juu kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika TILOU. Chini yake, kwa herufi ndogo: sakafu imelowa.

Bango liombe radhi lenyewe.

Alirudishwa ukumbini mwanzoni mwa 1998, kwa sababu aliyechukua nafasi yake alishindwa na barafu ya samaki. Siku ya kwanza alipiga deki katikati, akalichukua bango lake. Akaenda nalo ameinama hadi mbele ya wazee wa Lau waliokuwa wakisubiri meli, akalisimamisha penye maji. Kisha akabaki amechuchumaa kando yake.

Mzee mmoja alitoa miwani, akasoma kibao. Akakisoma tena. Halafu akakunja viganja, akapiga makofi matatu mazito, kama mtu aliyepokea kikombe cha yaqona. Wenzake wakafuata. Ndipo watu wakacheka, na Akeneta akalia. Alikuwa na miaka arobaini na mitano na alilia mbele ya abiria mia mbili, na hakuona haya kulisimulia.

Bango halikurudi ukutani tena.

Kuna jambo moja zaidi alilolifanya, na mimi naliona kubwa kuliko ndoo. Bango likikaa kutwa nzima kwenye sakafu kavu, watu huacha kuliamini. Linakuwa kama kabati. Akeneta aling'oa misumari yote ya kutundikia madekio kule stoo. Kulabu pekee ya dekio ilikuwa kwenye bango lenyewe, na dekio chafu halitundikwi mbele ya wazee. Kwa hiyo huwezi kurudisha dekio bila kurudisha bango. Na huwezi kurudisha bango kabla sakafu haijakauka. Wapiga deki wenzake walimlaani. "Unasimama pale na dekio mkononi kama mlinzi wa chifu," mmoja aliniambia, "unasubiri maji yakauke." Ndiyo, walisubiri. Ndiyo maana bango likisimama, watu walijua maji yapo kweli.

Hakupewa nishani. Bango lake halikufanywa sheria. Hemraj alitengeneza kama arobaini hivi, yakaenda kwenye masoko, kwenye makanisa, kwenye jiko la shule moja. Nilimwuliza Akeneta siku alipostaafu, mwaka 2015, kama watu hawakuanguka tena pale ukumbini. Alinitazama kama mtoto mjinga. "Wameanguka, Waisake. Ganda la ndizi halisomi. Lakini miaka kumi na saba, hakuna aliyeangushwa na bango."

Jana tulimzika. Mvua, kama mlivyoona. Ukumbi wa kanisa ulijaa, watu kwenye mikeka, wazee upande wa juu, jeneza mbele yao. Mlangoni na katikati maji yalikuwa yametapakaa kutoka kwenye miguu ya watu. Sisi sote tuliyaona, na sisi sote tukayazunguka, tukashika njia ya ukutani, tumeinama. Miaka yote hii, na bado ukutani.

Bi Unaisi alikuwa amefika alfajiri na meli ya Kadavu, akiwa na mkeka aliousuka mwenyewe. Ana miaka themanini na mitatu. Aliingia, akayatazama maji, akamwuliza Salanieta, "Liko wapi?"

Salanieta alijua. Lilikuwa nyumbani, nyumba ya tatu kutoka kanisani. Lile lililosimama kwanza mbele ya wazee wa Lau, rangi imebabuka. Lililetwa. Vijana walitaka kumsaidia, akawaondoa kwa mkono. Yule bibi alilibeba mwenyewe, ameinama, akapita katikati ya ukumbi. Akalisimamisha penye maji, mbele ya machifu, mbele ya jeneza. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Akeneta, limekaa vizuri. Mume wangu angepita."

Kisha akakaa kando yake na kitambaa mkononi, akafuta sakafu. Ibada ikaendelea. Maji yalipokauka, katikati ya wimbo wa pili, alilinyanyua bango akalitoa nje.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Salanieta na wanawe, kwa ukoo wote wa Drodrolagi, kwa Hemraj ambaye anajifanya hakulia, poleni sana. Poleni. Na kwenu wengine, kila mmoja aangalie kwake. Kuna kitu ulikiweka pembeni usimkosee mtu adabu. Nenda ukakitazame kimekaa kwenye njia ya nani.

Mimi nimeanza. Bango la njano la hapa mlangoni pa redio lilikuwa limesimama tangu mwezi wa pili, kwenye sakafu kavu, mguu mmoja umechomoza. Leo asubuhi nimelitoa.

Na wewe, mama yetu, leo nimepita mbele yako kwa maneno mengi. Tilou.