Kocha Karibu na Pete Iliyomkataa

Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na upande mmoja umebonyea kwa sababu Fundi Saa amekaa hapo tangu akiwa na nywele. Anatengeneza saa za watu, yake haitembei. Kinyozi wanamwita Daktari, maana wateja wake wengi huondoka na plasta. Kahawa ni ya Bi Kibiriti, mtu mzima ambaye sukari yote ameiweka kwenye kahawa, mdomoni hakubaki kitu. Asubuhi ya fainali akaja Kocha, filimbi shingoni, akajipenyeza katikati yao. Enzi zake za usichana alikuwa mfungaji wa mpira wa pete ambaye walinzi walimwota vibaya, hadi fainali ile aliporusha mpira wa mwisho, ukazunguka pete kama unaotafuta mlango, ukatoka nje. Tangu hapo akawa kocha. Wasichana wake hufika fainali, hushindwa, naye akiulizwa hujibu, "Tulikuwa karibu." Mtaa ukamwita Kocha Karibu, na sasa hata akipiga hodi kwa watu hajui anakaribishwa au anatukanwa.

— Karibu! akaita Daktari alipomwona, na benchi zima likacheka.

— Chekeni tu, akasema Kocha. Leo nikikosa, filimbi hii nampa mbwa.

— Mbwa wa watu amekukosea nini? akauliza Bi Kibiriti, akimmiminia kikombe.

Kocha naye akacheka, akapokea kikombe. Jana alikuwa amemwambia dada yake kwamba akishindwa hii, basi, hakanyagi tena uwanjani. Dada yake akajibu "Haya," kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha.

— Mimi nimechunguza, akaanza Fundi Saa. Wasichana hawana kosa. Kosa ni la ile nguzo ya upande wa choo. Mpira ukirushwa pale, choo kinauvuta.

— Na wapinzani je, hakiwavutii wao? akauliza Kocha.

— Wale wageni. Choo hakiwajui.

— Acheni mambo ya vyoo, sisi wengine tunakunywa, akasema Daktari, akipunga mkasi. Shida ni nywele. Msichana akiwa na nywele nyingi, upepo unamshika, anaruka nusu. Nipeni timu nzima niwanyoe kipara, kombe mtalikuta hapa benchini jioni.

— Uwanyoe wewe? akasema Bi Kibiriti. Watacheza na damu machoni.

— Damu inawatisha wapinzani!

— Inawatisha mama zao kwanza. Sikilizeni mimi, mwenye kahawa. Binti huyu ilimkataa pete ya kidoleni, ikamkataa pete ya nguzoni. Pete zinaambiana hizi, zote ukoo mmoja. Aolewe kabla ya adhuhuri, jioni anabeba kombe.

— Sasa Bi Kibiriti, aolewe na nani kwa haraka hiyo? akauliza Daktari.

Fundi Saa akajikohoza, akajipangusa vumbi begani.

— Wewe kaa! wakamwambia wote watatu kwa pamoja.

Kocha akaweka kikombe chini.

— Safari hii nimewaandaa. Mlinzi wangu nimemfundisha mwaka mzima, mikono juu, juu kabisa, kama anaanua nguo kwenye kamba ya jirani. Yule mfungaji wao mrefu hapati hata mwanya wa kuchungulia.

Kwenye kibanda cha pili alikuwa amesimama mwanamume asiyejulikana pale, mguu mmoja soksi, akingoja kiatu chake kishonwe. Akasogea.

— Shikamooni wazee wangu. Samahani, kwani leo mnacheza na nani?

Fundi Saa akaitazama saa yake isiyotembea. Daktari akauona mkasi wake una kasoro fulani. Bi Kibiriti akatikisa birika, akalitikisa tena. Wamebishana tangu jua linachomoza, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyejua.

— Sabuni, akasema Kocha.

— Sabuni gani, mwanangu? akauliza Bi Kibiriti.

— Timu ya Kiwanda cha Sabuni. Wenye yule mrefu.

— Kiwanda kile si kilifungwa zamani? akashangaa Bi Kibiriti. Kimekuwa ghala la saruji. Na huyo mrefu wenu nilimwona juzi, ana wajukuu, akitaka kuinuka kitini anaomba msaada wa ukuta.

Timu ya leo Kocha aliijua vizuri sana: wasichana wafupi wa ng'ambo ya reli, wepesi, mpira wanaupitisha chini, viunoni mwa watu, wanafunga wakiwa chini ya nguzo kabisa. Amewatazama kwa macho yake mawili. Kisha akarudi mazoezini akawaambia wasichana wake wainue mikono. Na fainali iliyopita? Mikono juu. Na ile ya kabla yake? Juu. Kila timu iliyokuja, yeye alimzuia yule mrefu aliyemfunga fainali ile, bibi wa watu aliyekaa kwake na mgongo unamuuma.

— Mikono chini, akasema.

Daktari akaweka mkasi chini.

— Si wewe! akasema Kocha.

Kocha akainuka, kahawa haijafika hata nusu, akaondoka mbio, mbio zake za ukubwani, filimbi ikimpiga kifuani. Akikimbizana na adhuhuri angeweza kuwapata wasichana kabla hawajavaa jezi.

Alipofika kona akasikia nyuma yake sauti zote tatu:

— Karibu! Karibu, karibu!

Miguu ikasita, na tusi akawa nalo tayari mdomoni. Akageuza shingo. Yule mwanamume wa soksi alikuwa anakaa mahali pake, na Bi Kibiriti anamkabidhi kikombe alichokiacha Kocha, maana birika lilikuwa limekauka.

Hakuwa anaitwa yeye. Akakunja kona.