Istar Maow Guled, Aliyempa Mgeni Kura Yake

Ndugu waombolezaji, assalamu alaikum. Kwa niaba ya familia ya hayati Mzee Maow Guled, mimi Hamze Maow, mdogo wake marehemu Istar, nimepewa jukumu la kuwasomea maneno haya, na ingawa kwetu si desturi kusoma historia ya mtu, kwa kuwa sisi humzika mtu wetu haraka, tukamwombea dua na kunyamaza, walimu waliofanya kazi naye Dadaab na majirani zetu wa kutoka Mwingi na Meru wameomba wasikie safari yake, na kwa vile leo hatuna jeneza wala kaburi la kuwaonyesha, tumeona tuwape angalau maneno, tena kwa Kiswahili, ili asibaki mtu nje ya mlango.

Dada yetu Istar alizaliwa Hulugho mwaka wa 1976, na kitambulisho chake kinasema ilikuwa tarehe mosi Januari, kama kinavyosema kwa nusu ya watu walioketi hapa, lakini mama yetu, Mama Batula, ambaye siku hiyo alikuwepo na serikali haikuwepo, anasema mvua za vuli zilikuwa ndiyo kwanza zimeshika. Alikuwa kifungua mimba, na baba alimtengea mtamba siku hiyo hiyo, kama tufanyavyo kwa mtoto, na uzao wa ng'ombe huyo ungali Hulugho hadi leo, unaitwa ng'ombe wa Istar, na hakuna aliyewahi kuuza hata ndama mmoja bila kumpigia simu.

Alianza darasa la kwanza Hulugho mwaka wa 1984, akamaliza la nane mwaka wa 1991, kisha akaletwa hapa Garissa kusoma sekondari ya bweni, mwaka wa 1992 hadi 1995, wakati mama alipokuwa amehamia mjini kuuza maziwa sokoni, na ni katika soko hilo mama alipojifunza Kiswahili chake, ambacho nyote mnakijua na ambacho mimi kama mwalimu nimeacha kukisahihisha.

Mwezi Februari 1997 aliajiriwa kuwa mwalimu na mkalimani katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, na huko ndiko alikokutana na mwalimu mwenzake, Abdirahim, mkimbizi kutoka Kismayu, mtu mpole, wakafunga nikaha tarehe 14 Agosti 1999 hapa hapa Garissa, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto watatu, Iftin aliyezaliwa Dadaab, na Ramlo na Guled waliozaliwa ng'ambo. Tarehe 9 Machi 2005 jina la Abdirahim lilitoka katika orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo, wakasafiri kwenda Marekani, wakapelekwa katika mji mdogo uitwao Harlow Falls, jimbo la Minnesota, mahali ambapo, kwa maelezo yake, baridi inaingia hadi kwenye meno.

Watu wa kambini wanaujua ugonjwa unaoitwa buufis, ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomshika mtu hadi chakula kinamshinda, mwili uko Dagahaley na roho iko Amerika. Istar hakuupata alipokuwa hapa, aliupata huko, tena kinyumenyume. Alikuwa akipiga simu kutoka kiwanda cha kuchinja bata mzinga alikofanya kazi kwanza, anauliza kama Tana imejaa, kama mbuzi bado wanalala katikati ya barabara, kama mama ameacha kunifokea, na baba alipofariki Juni 2013 alikuja, akachelewa mazishi kwa siku mbili, akaenda nasi Hulugho, akasimama kando ya kaburi la baba, akakanyaga mchanga kwa mguu wake akamwambia mama kwamba hapa ni pangu, msimpe mtu. Mama hakumpa mtu. Tangu siku ile ukoo wetu umezika watu kadhaa pale, na nafasi ile imerukwa kila mara.

Sasa niwasimulie siasa, kwa sababu najua ndiyo wengi wenu mmeingoja. Mwaka wa 2015 wanawake wa mtaa wake, waliokuwa wakimjua kama msaidizi wa shule, walimsukuma agombee udiwani, na aliyekuwa akishikilia kiti hicho alikuwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Bwana Lindahl, diwani wa miaka ishirini. Uchaguzi ulifanyika Jumanne, tarehe 3 Novemba 2015, na dada yetu alishindwa kwa kura moja. Moja, ndugu zangu. Alipoulizwa na mwanahabari anajisikiaje, akaeleza, bila haya na bila ujanja, kwamba yeye mwenyewe alimpigia kura yule mzee, kwa sababu alipojikuta peke yake nyuma ya pazia na kalamu mkononi, aliona ni aibu mtu mzima kujichagua mwenyewe huku mzee wa watu yupo.

Habari hiyo ilipofika Garissa tulicheka hadi tukalia, na mama, akiwa na birika mkononi, akatamka maneno ambayo mji huu unayarudia mpaka sasa: "Huyu mtoto yangu nafikiri kura ni chai, yeye nabatia mgeni kwanza."

Lakini Harlow Falls nayo ikasikia, na Bwana Lindahl alipostaafu alimchukua akamzungusha mlango kwa mlango, na tarehe 7 Novemba 2017 Istar alichaguliwa diwani, na tarehe 2 Novemba 2021 akachaguliwa meya, na safari hizo zote mbili mama alimpigia simu asubuhi kumwamuru ajipigie kura. Kikao chake cha kwanza aliulizia mabomba ya maji kabla ya barabara, maana mtu wa Hulugho huanza na maji, na mabomba ya zamani yenye madini ya risasi yakang'olewa mitaa yote. Walimwita Meya Guled, kwa jina la babu yetu ambaye hakuwahi kuvuka mpaka wa Liboi, kwa kuwa huko jina la mwisho ndilo la mtu. Alipanga kuja nyumbani 2018, ikawa bajeti, 2020 ikawa korona, 2023 mto wao ukafurika nao wetu ukafurika, na kila mara mama alikuwa tayari amefua mashuka.

Mwezi Mei 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na Septemba mwaka huu wa 2025, alipojua hali yake, alituita sote kwenye simu ya video kama aitavyo kikao, akataka tupige kura azikwe wapi. Mama, mimi na shemeji Abdirahim tulisema Hulugho, watoto wake watatu, huku wakilia, walisema huko, mahali wanapoweza kwenda Ijumaa kumwombea. Ikawa tatu kwa tatu, imebaki kura yake, nasi tuliijua hamu yake ya miaka ishirini. Nayo akawapa watoto. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, akazikwa kesho yake Harlow Falls. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, msikiti wa huko, madiwani wenzake, Bwana Lindahl aliyeshika koleo kaburini akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, walimu wa Dadaab, na ninyi majirani mliotuletea maji na mikeka tangu tulipopata habari.

Siku ile ya kikao, simu ilipokatika, niliogopa kumtazama mama. Yeye alikaa, akajifunga mtandio upya, akasema: "Haya. Sisi ni watu ya nyumba. Sisi nakunywa mwisho."

Istar, abaayo, dada yetu, tumekukosa, na mahali pako kando ya baba tumepaacha wazi, na mama amesema asipewe mtu mpaka siku yake yeye. Wageni wameshapata. Pumzika kwa amani, watu wa nyumba tunakuja.