Waliopotea wa Daktari Kirigia

Gari la Merti lilipotoka Isiolo nilijifanya nimelala, kazi niliyoisomea bwenini miaka mitatu. Mbele yangu daktari kijana, Kirigia, alikuwa akimlalamikia Mama Sabdio, waliyejuana naye stejini. Daktari alikuwa akisomea kusoma picha za eksirei, na hangehitimu bila utafiti: wagonjwa wa kifua wapigwe picha, kisha warudi kwa ya pili. "Zamu haziishi, mama. Nimepewa ruhusa ya wiki moja tu ya kuwafuata wagonjwa wangu, na wengi wamepotea."

"Subhanallah. Polisi wameambiwa?"

"Si kupotea hivyo. Hawakurudi, kwa hivyo tunawaandika waliopotea. Wengi ni wa Korbesa."

Mama alimgeukia daktari. Nami nikakoroma kidogo, kwa heshima.

"Mimi ni wa Korbesa," akasema. "Mlinipiga picha, halafu tukafuata malisho. Kijiji kizima kinajua tulienda wapi. Ulimuuliza nani?"

"Nilipiga simu."

"Huko mtandao ulikuwa wapi, daktari?"

Kirigia alikuna kichwa. "Basi, mama, utakuja kwa picha ya pili?"

"Nitakuja. Lakini kwanza unitoe kwa hao waliopotea."

"Nikikutoa kabla ya picha, profesa atasema nimedanganya."

"Na mimi nikiwa nimepotea, nitafikaje hospitali?"

Dereva alisimama mahali pasipo nyumba wala kibao. Mama alishuka, akaingia vichakani bila kuangalia nyuma. Daktari alichungulia dirishani kushoto, kisha kulia, akamuuliza dereva polepole tulikuwa wapi.