Chungu Juu ya Unyayo

Marcel, ng'wanawane, mwanangu, ondoka hapo mlangoni ulipoegemea, kaka yako apite. Najua yuko nje, tangu asubuhi namsikia akikohoa pale zizini, na kikohozi cha Kalisti nakijua tangu alipougua surua. Kama ulimi wako haukubali kumwita, usimwite, wewe sogea tu. Apolonia, binti yangu, niinue kidogo, lile gunia la pamba liweke mgongoni, hivyo hivyo. Haya, kaeni. Kalisti, wewe kaa hapo chini na hizo nguo zako za serikali, kofia iweke mapajani. Padri amekwisha kunipaka mafuta, na mimi sioni kama nitaivuka wiki hii, kwa hiyo nitasema mara moja tu, na sitaki mtu anikate maneno, maana mkinikata sijui kama nitapata pumzi ya kuanza tena.

Nianze na vitu, ndivyo vyepesi. Ng'ombe wa baba yenu mlikwisha kugawana na hayo siyarudii. Huyu wangu mweusi mwenye baka, niliyepewa na kaka zangu, ni wa Apolonia pamoja na ndama wake, na asije mtu akamwambia kwamba mwanamke hana zizi. Jaruba la mpunga kule mbugani ni la Marcel, kwa kuwa yeye ndiye aliyelilima nilipoishiwa nguvu. Kalisti, kiwanja cha upande wa kisima ni chako, ujenge. Nasema ujenge, Marcel, umesikia, hata ukikunja uso namna hiyo.

Unataka kunikumbusha neno la marehemu baba yenu kwamba nguo ya askari isilale katika kaya hii. Usinikumbushe, nilikuwepo alipolisema, tena mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda mgongo. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, ukaja mwaka ule wa kupunguza ng'ombe kwa lazima, na Bartholomeo akakataa kupeleka wake mnadani. Wakaja askari wawili, wakamfunga mikono kwa kamba ya ng'ombe wake mwenyewe, kisha kabla ya kuondoka wakaniambia nichinje kuku, wakamla pale kizingitini baba yenu akiwatazama, na mmoja akaomba chumvi. Nikampa. Halafu wakamkimbiza mbele ya baiskeli mpaka Shinyanga mjini, mzee mzima, na watu wa Ibadakuli wamesimama kando ya njia wakimwangalia. Walipomuuliza jina kituoni alinyamaza, maana, aliniambia baadaye, jina hupewa mtu aliyekuamkia kwanza, basi wakamwita "wewe mzee" mpaka walipomwachia. Niliwachukia watu wale na bado nawachukia, hata padri nilimwambia hivyo. Na Kalisti alipotoroka kwenda kuwa polisi, baba yenu alimpa mgongo, akafa hajaitikia shikamoo yake. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba mimi ni mama aliyelewa gwaride la mwanawe.

Nipe maji, Apolonia.

Sasa neno lililonikalisha ni la jirani yetu Mageni. Na yowe letu, mwano wetu, sitalisema vibaya, kwa sababu limeturudishia ng'ombe mara nyingi huku polisi wakiwa wamelala huko mjini. Yowe likipigwa kila kaya inatoa mwanamume, nyayo zinafuatwa, na zikiingia kwenye kiwanja chako ni juu yako kuzitoa, uonyeshe zilipotokea upande wa pili, la sivyo ni wewe utakayewalipa ng'ombe hao. Ndivyo tulivyokuta, na ni haki. Lakini ng'ombe wa Donatus walipoibwa, yeye akiwa ndiye nsumba ntale, mkuu wa vijana wote hapa, mlifuata nyayo kwa hasira, mkafika kwa Mageni, zikapotea. Zilipotea kwa sababu Mageni alikuwa amekwisha kuwapitisha ng'ombe wake pale pale kuwapeleka kisimani, kwato zao zikavuruga kila kitu. Mlimwambia azitoe. Na Mageni mnamjua, tangu utoto akishtuka maneno humkwama kooni, akabaki anatetemesha midomo, ninyi mkasema amekiri. Mkamchoma nyumba. Mkamkata sikio. Marcel, hukuwa wa mwisho kuinua fimbo, nimeambiwa na mwenye kuona.

Kalisti alikuwa nyumbani likizo, ametoka Geita anakolinda machimbo, na hakuwa na silaha ila mkanda wake. Akasimama kati ya Mageni na fimbo zenu, mbili tatu zikampata yeye, ndiyo asili ya kovu hilo juu ya jicho, kisha akamchukua Mageni akampeleka kituoni. Mkasema polisi amemficha mwizi. Mkasema amehongwa, hata hamkusema amehongwa nini na mtu ambaye nyumba yake ilikuwa inawaka. Tangu siku ile kaya hii imetengwa, hakuna anayekuja kuomba moto wala kutupa wa kwake, na kwenye palizi langu hakufika jirani hata mmoja. Sawa. Nimeyabeba.

Lakini sikilizeni nililolifanya mimi ninyi mkiwa kule mnapiga kelele. Wanawake tunajua kazi yetu yowe likipigwa, ni kufunika nyayo kwa vigae ili mbuzi na upepo visizifute. Nilizunguka ng'ambo ya kisima cha Mageni, kupita pale palipovurugwa, nikaziona. Zilikuwa zimetoka, zinaelekea mbugani, kwato za ng'ombe wa Donatus pamoja na yule anayekokota ukwato wa nyuma, na pembeni mwao nyayo za mtu aliyevaa katambuga za mpira wa gari, ya kushoto imeshonwa kiraka kisiginoni. Mageni havai viatu, vidole vyake vimetawanyika hata katambuga hazimwingii. Sikuwa na kigae, nikafunika unyayo ule kwa chungu changu cheusi, kile chenye mdomo uliomeguka, na mahali palipomeguka nikapaelekeza kwenye nyumba yetu.

Jioni niliporudi, mdomo uliomeguka ulikuwa unatazama mbugani.

Usiinamishe kichwa, Marcel. Aliyekifunua chungu alikirudisha kwa adabu, ila aliacha mguu wake pale, na mguu wenye kidole kilichopindwa na jembe nimeuosha mimi mwenyewe ulipoumia. Uliona nilichokiona. Ukanyamaza, kwa sababu sikio lilikuwa limekwisha kukatwa na nyumba imekwisha kuungua, na kusema wakati ule ni kuwavua nguo wenzako wote pamoja na Donatus. Nilikungojea useme. Nikangoja mpaka mvua ikanyesha, na sasa pale pameota majani.

Mimi nilisema. Koplo wa polisi alipokuja nilimwambia yote, alinisikiliza vizuri tu, hakuomba kuku. Ila aliniambia ukweli, kwamba hakimu atauliza huyu mama ni nani, na ataambiwa ni mama yake askari aliyemkamata mtu huyu, basi maneno yangu yatakuwa mepesi. Anatakiwa mwingine aliyeona, tena awe wa upande wa waliopiga yowe. Kesi ya Mageni ya wizi ni Jumatatu, naye mpaka leo wamemfungia kituoni. Mimi Jumatatu sifiki. Kwa hiyo amebaki mtu mmoja tu duniani mwenye unyayo ule machoni pake, naye amekaa hapo anang'oa nyuzi za mkeka wangu.

Utakwenda kituoni, ng'wanawane, ukaandikishe ulichokiona kabla ya kesi. Najua unavyoogopa, nami sikulaumu kwa hofu hiyo, kwa sababu katika kaya hii, ukimtoa Kalisti, hakuna aliyewahi kuingia kituo cha polisi kwa miguu yake bila kusukumwa. Sisemi polisi ni watu wema. Wapo wanaokula kuku wa watu, na wapo kama huyu aliyekaa sakafuni, na mtu hawezi kujua atamkuta yupi mezani siku hiyo. Nenda hivyo hivyo, hujui. Wakikutukana, vumilia umalize kusema. Na Donatus ataongeza kutengwa, mtakula peke yenu kwa muda, pengine muda mrefu. Sikufichi.

Kalisti usiende naye ndani. Msindikize mpaka barabarani, ubaki, wasije wakasema umemfundisha.

Nilaze. Hapana, niache hivi, nikilala sauti inakwisha.

Nikifa kabla ya Jumatatu, msingoje matanga. Majirani hawatakuja, hiyo mnaijua. Kaburi mtachimba ninyi wawili, jembe moja na sururu moja, mpokezane, karibu na baba yenu upande wa kushoto. Kile chungu msikivunje kwenye kaburi, mpeni Mageni akitoka, hana hata cha kupikia uji. Mnyoe vichwa, kisha Marcel ondoka na upara wako hivyo hivyo, hakuna atakayekucheka njiani mtu akiona umefiwa.

Sogeeni. Kichwa chako, Apolonia. Uzae, na wakuzike wao. Kalisti... nyumba yako ielekee mawio. Baba yako amekuitikia, mimi nimeitikia kwa niaba yake, marahaba, mwanangu, marahaba. Mungu awalaze salama mahali popote mtakapolala, hata kambini.

Marcel, lete sikio. Yule wa mezani atakuuliza jina. Usi... usinyamaze kama baba yako. Hata asipokuamkia. Mwambie Marcel, mtoto wa Bartholomeo. Jina la baba yenu halijatamkwa mle. Litamke. Kwa sauti, mwanangu, chumba cha mahabusu kiko hapo nyuma ya ukuta... Mageni asikie.