Risala ya Katikati ya Mto Kuhusu Farasi Hepziba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Mwalimu Mkuu, na Mzee Jabez Tregear, nahodha wetu:

Sisi wanafunzi wa bweni wa Shule ya Wirrabeen tunakukaribisha kwenye kivuko. Tunasikitika kwamba kimesimama katikati ya mto. Tafadhali usishuke.

HISTORIA

Kivuko hiki kina injini moja, nayo ni Hepziba, yule farasi jike wa kijivu unayemwona ng'ambo. Kwa miaka kumi na tisa amezungusha gurudumu la kamba, na kamba imevuta magari ya farasi, kondoo, piano ya shule, na sisi wenyewe kila tutokapo likizo. Akisikia kengele yetu ya chakula husimama. Akisikia ya pili huendelea. Leo ya kwanza imelia mapema kidogo. Mwalimu Mkuu ataichunguza sababu akifika nchi kavu.

MAFANIKIO

Hajazama mtu. Mwaka jana Askofu alikwama hapa hapa, ndani ya gari lake.

"Mnyama huyu hajui mimi ni nani?" aliuliza.

"Anajua, Baba Askofu," Mzee Tregear akamjibu. "Ndiyo maana amekupa nafasi ya kusali."

CHANGAMOTO

Leo unakwenda kuweka jiwe la msingi la daraja. Daraja tunalitaka, ingawa litatunyima kisingizio cha kuchelewa. Lakini barua ya ofisi yako inasema kivuko kikifungwa, Hepziba auzwe "pamoja na vifaa vingine chakavu". Mnunuzi aliyejitokeza ni mmoja tu, mwenye kiwanda cha kuchemsha farasi wazee wawe gundi. Alimfungua Hepziba mdomo, akayatazama meno, akasema, "Bibi huyu amekwisha." Hepziba akamlia kofia yake.

Sisi tulicheka. Mzee Tregear hakucheka. Tangu siku hiyo anakula chakula chake zizini, amesimama, na tukimkuta anasema moshi wa kiko umemwingia machoni. Kiko hicho hakijawashwa tangu Jumatatu.

OMBI

Ni moja. Hepziba asiuzwe, apewe uwanja wa serikali ulio nyuma ya shule, ale majani hadi siku zake ziishe. Zizi tutasafisha sisi. Watu wa kutumikia adhabu hatukosi.

Mheshimiwa, hatukulazimishi. Ila mwenzetu Cuthbert Ainslie yuko chini ya kengele, ameshika darubini ya mwalimu wa jiografia. Akiona umevua kofia na kuipunga, atajua umekubali, atapiga ya pili. Asipoona, ataipiga saa kumi na mbili jioni, wakati wa chakula cha usiku. Mwalimu Mkuu, tunakuomba usivue yako, Ainslie atachanganyikiwa.

Sisi tumebeba mkate na nyama baridi ya kondoo, kwa hiyo hatuna haraka.

Mungu akujalie maisha marefu, barabara zisizo na matope, na mkono mwepesi wa kupunga.

Ni sisi, wanafunzi wa bweni, Wirrabeen.
Imesomwa na Alaric Munro, kiranja wa nidhamu.