Marehemu Alpheus Tillotson na Ghorofa ya Mahakama

Mzee Alpheus Burdick Tillotson alizaliwa tarehe 14 Machi 1838 huko Danby, Vermont, mtoto wa nne wa mtengeneza jibini Reuben Tillotson na mkewe Achsah.

Alisoma miaka sita, kisha akafunzwa useremala. Usanifu wa majengo alijifunza katika kitabu kimoja cha michoro, ambacho kurasa zake za ngazi zilikuwa zimeliwa na panya. Jambo hilo lilionekana katika kazi zake.

Mwaka 1867 alifika hapa Wessel Bend, Nebraska, kwa gari la ng'ombe. Alijenga kanisa, shule na maduka kumi na manne, yote ya chini, kila moja likiwa na ukuta wa mbele uliopanda juu kana kwamba kuna ghorofa. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila mtu alikuwa na ukuta kama huo.

Tarehe 2 Juni 1870 alimwoa Bi. Lovina Haskett. Zawadi ya harusi aliyompa ilikuwa sakafu ya mbao kutoka Omaha, wakati majirani wote walikanyaga udongo.

Mwaka 1873 alikuwa diwani, na kaunti ilitafuta makao makuu: ama hapa, ama mji wa Corley. Sharti lilikuwa mahakama ya ghorofa moja. Marehemu aliijenga kwa mtindo wake, na madirisha manane ya juu akayachora kwa rangi, pamoja na mapazia. Kamishna Eben Stroud alipofika kukagua, aliomba kupanda juu.

"Ghorofa ipo, mheshimiwa," marehemu alimjibu. "Kilichobaki ni sakafu tu."

"Na ngazi?"

"Ngazi ya kwenda wapi, mheshimiwa, na sakafu haijafika?"

Alipewa siku kumi, la sivyo makao makuu yangekwenda Corley. Mbao zisingefika kabla ya masika. Alirudi nyumbani, akasimama mlangoni, macho kwenye sakafu.

"Usiniangalie miguu, Alpheus," Bi. Lovina alisema. "Toa meza kwanza."

Siku ya kumi kamishna alipanda juu, akatembea huku na huko, akatia sahihi. Familia ilikanyaga udongo miaka miwili. Tangu hapo Bi. Lovina huingia mahakamani bila kubisha hodi, hata kesi ikiendelea, na hajapata jaji wa kumzuia. Marehemu alichaguliwa meya mara tatu.

Novemba iliyopita alianza kuugua moyo. Kila asubuhi aliuliza kama watu wa Corley wamekuja kuchukua mafaili ya kaunti.

"Bado yapo, Alpheus. Kunywa mchuzi wako."

Alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 1909, akiwa na miaka sabini.

Ameacha mjane, Bi. Lovina; watoto watatu, Reuben, Mercy na Asa; na wajukuu tisa. Corley wametuma wajumbe wawili leo. Wamekuja kuzika tu, tumewauliza.

Mzee wetu na apumzike bila wasiwasi.